Chokaa ya mfuko kwenye nyumba za mawe za Bagamoyo: inafaa, ila ina masharti yake

Mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe wa Bagamoyo akienda duka la vifaa vya ujenzi kutafuta cha kurekebishia ukuta unaomomonyoka, mara nyingi hurudi na kimoja kati ya vitu vitatu. Saruji, kwa kuwa ndiyo inayotoka sana dukani. Chokaa ya mfuko, ule unga mweupe wa kilo 20 au 25. Au, akimpata muuzaji anayezijua nyumba hizi, ataelekezwa kwa mtu mwenye chokaa ya mabonge iliyotoka tanurini na ambayo bado haijazimwa kwa maji. Tathmini hii ni ya hiyo ya pili, maana ndiyo rahisi kuipata na ndiyo inayolaumiwa kuliko zote. Bidhaa yenyewe tunaipa alama 4 kati ya 5. Kazi nyingi zinazofanywa kwa chokaa hiyo hazistahili zaidi ya 2, na kosa karibu lote liko kwenye ndoo ya fundi na haraka ya mwenye nyumba.

Ukuta wenyewe unataka nini

Nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 19 pale India Street, Ngome Kongwe ya miaka ya 1860 na majengo mengine ya zama hizo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, mara nyingi pamoja na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa sentimita 45 hadi 60 hivi. Juu ya msingi hakuna nailoni ya kuzuia unyevu kama tunayotandika leo. Maji hupanda kutoka ardhini, hupita kwenye vitundu vya jiwe, hutokeza usoni mwa ukuta na kukaushwa na upepo. Plasta ya chokaa huyaachia yapite. Plasta ya saruji huyafungia ndani.

Matokeo unayaona nyumba hadi nyumba. Gonga plasta ya saruji kwa kifundo cha kidole, kuanzia sakafuni kwenda juu. Mahali fulani mlio utabadilika, utalia tupu. Bandua kipande hapo ukigeuze: mgongoni kina ukoko wa chumvi nyeupe, na jiwe lililokuwa nyuma yake linapukutika ukilisugua kwa kidole gumba. Maji yaliyokosa pa kutokea yamepanda na chumvi yake, yamekaukia nyuma ya plasta, na chumvi hiyo ikiganda hutanuka ndani ya vitundu na kulipasua jiwe punje kwa punje. Ndiyo maana unyevu uliokuwa unaishia magotini, baada ya kupigwa saruji huonekana kifuani. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza saruji juu zaidi, na maji yanamfuata.

Mfuko wa saruji umeandikwa 32.5 au 42.5. Hizo ni niutoni kwa kila milimita ya mraba, nguvu inayotakiwa kufikiwa katika siku 28 za majaribio. Plasta ya chokaa tupu kwa kawaida haifiki hata 3. Wanaoidharau chokaa husimama hapo hapo. Lakini ukuta wa nusu mita hauhitaji plasta yenye nguvu kushinda jiwe lake, kwa sababu mzigo unabebwa na unene na uzito wa ukuta. Plasta ikiwa ngumu kuliko jiwe, siku ukuta ukicheza kidogo, kinachopasuka ni jiwe. Ikiwa laini, inapasuka yenyewe, na kuipiga upya ni rahisi kuliko kujenga ukuta. Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, kuna msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa mawe na chokaa. Hati ya uvumbuzi wa saruji ya Portland ilipotolewa Uingereza mwaka 1824, mawe hayo yalikuwa yameshapangwa kwa zaidi ya miaka 500.

Kilichomo mfukoni, na kinachouzwa kwa jina lake

Mawe ya chokaa yakichomwa kwa nyuzi joto 900 hivi za Selsiasi hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kupungua uzito. Kilo 100 za jiwe safi hubaki 56. Mabonge hayo yakipewa maji huchemka na kusambaratika. Kiwandani hupewa maji ya kutosha kuyazima tu, ndipo unapatikana unga mkavu unaofungwa mfukoni. Ukanda wa pwani una bahati na malighafi hiyo, hasa Tanga, ambako mawe ya chokaa ya upande wa Amboni yametoboka hadi kuwa mapango. Kwa hiyo chokaa unayoinunua Bagamoyo haina haja ya kutoka mbali.

Tatizo la kwanza liko kaunta. Ukisema "nipe chokaa", unaweza kupewa vitu vinavyofanana kwa rangi na kutofautiana kabisa kwa kazi. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Inafaa shamba lenye tindikali, lakini ukutani haitashika hata ukingoje mwaka. Poda ya skimu ni ya kulainishia kuta za tofali, na nyingi zina saruji au jasi ndani yake, ambayo kwenye ukuta wenye unyevu hulainika na kubanduka. Unachotaka ni chokaa ya ujenzi iliyochomwa na kuzimwa. Soma mfuko, usimsomee muuzaji uso.

Tatizo la pili ni umri. Chokaa inashika kwa kurudisha ile hewa iliyoipoteza motoni. Mfuko uliochanika, au uliokaa miezi mingi kwenye banda linalovuja, unaanza kazi hiyo ukiwa dukani, na ukifika kwako umesharudi kuwa unga wa jiwe. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chota kijiko kimoja, tia kwenye kikombe chenye maji kidogo, kisha ongeza siki, au maji ya limau kama siki haipo. Chokaa nzuri inayeyuka taratibu bila kelele. Iliyozeeka inatoa povu kama soda iliyotikiswa. Povu dogo linavumilika, povu zito rudisha mfuko. Chokaa ya kilimo nayo hutoa povu, kwa hiyo kipimo kimoja kinakulinda na hasara mbili. Muuzaji akikataa kukupa kijiko kimoja cha kujaribu, nenda duka la pili.

Angalia pia mifuko inavyopangwa. Ikiwa imelala sakafuni bila mbao chini, ya chini kabisa usiichukue hata kwa punguzo.

Kuiloweka: hapa ndipo alama zinapotea

Maelekezo ya mifuko mingi yanakuruhusu kuchanganya unga mkavu na mchanga, ukatia maji na kuanza kazi. Inawezekana, na ndivyo kazi nyingi zinavyofanyika. Lakini unga uliolowekwa kwanza unateleza vizuri kwenye mwiko, unashika jiwe, na hauhitaji maji mengi wakati wa kuchanganya. Maji mengi ndiyo yanayoleta nyufa.

Weka lita 25 za maji safi ya kunywa kwenye pipa la plastiki. Maji ya kisima chenye chumvi hapana. Mwaga unga wa mfuko mmoja wa kilo 25 kidogo kidogo huku unakoroga. Chokaa ndiyo inayofuata maji, maana ukifanya kinyume utapata madonge makavu katikati. Koroga hadi uwe uji mzito, lainisha uso wake, kisha funika kwa maji ya kina cha vidole viwili na uweke kifuniko. Baada ya saa 24 inatumika. Baada ya wiki ni nzuri. Baada ya mwezi utaiona tofauti mwenyewe: inakatika kwa mwiko kama samli na haidondoki. Mfuko mmoja unakupa takriban lita 37 za uji huo, yaani karibu ndoo 2 za lita 20.

Glavu na miwani si mapambo. Chokaa inaunguza ngozi polepole na jicho haraka. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi dakika 15 hadi 20 bila kusita, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mchanga

Mchanga wa ufukweni uko karibu na ni wa bure, na ndio unaoua kazi nyingi mjini hapa. Unakuja na chumvi, na punje zake ni za mviringo na za ukubwa mmoja, hazishikani. Tafuta mchanga wa mto au wa machimbo wenye punje kali, kubwa kwa ndogo, mpaka milimita 4 au 5. Usugue kiganjani: mzuri unakwaruza, na ukiumwaga hauachi tope mkononi. Kwa uhakika zaidi, jaza chupa ya wazi nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja kwa ishirini ya mchanga, uoshe au uache.

Kiasi cha chokaa hakikutoka hewani. Chokaa inajaza nafasi zilizo kati ya punje za mchanga, na nafasi hizo unaweza kuzipima. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanga mkavu hadi ukingoni, kisha mimina maji kwa kipimo mpaka yaonekane juu. Yakiingia lita 6 au 7, mchanga wako unataka sehemu 1 ya uji wa chokaa kwa 3 za mchanga. Yakiingia lita 8, weka 1 kwa 2 na nusu. Fundi anayepima kwa beleshi hukosea bila kujijua, kwa kuwa beleshi la chokaa na beleshi la mchanga hazijai sawa. Tumia ndoo.

Kwa ukuta wa mita za mraba 10 na plasta ya jumla ya milimita 20, andaa ndoo 11 hadi 12 za mchanga na ndoo 4 za uji, yaani mifuko 2 ya kilo 25. Hapo upotevu wa kawaida umeshahesabiwa. Mashimo ya ukutani hayamo kwenye hesabu hiyo, yana kazi yake.

Kwenye tabaka la kwanza ongeza nyuzi za katani zilizokatwa kati ya sentimita 2 na nusu na 5, konzi moja kwa ndoo, zikiwa zimechambuliwa zisishikamane. Mkoa wa jirani ni wa mkonge, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua nyuzi za plastiki.

Kuandaa ukuta, kabla hujafungua pipa

Anza juu. Nyumba hizi nyingi zilikuwa na paa bapa: boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe, juu yake chokaa na kokoto zilizopigwa zikashindiliwa. Boriti hizo zina urefu wa mita 2 na nusu hadi 3 hivi, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti, na watu wakapanga vitanda, milango na faragha zao ndani ya upana huo. Kushindilia dari nako kulikuwa kazi ya watu wengi waliojipanga kwa mistari wakipiga kwa magongo na kuimba ili pigo liende sawa. Siku hizi wengi wameezeka bati, na bati bila gata humwaga maji yote chini ya ukuta. Plasta yoyote utakayopiga hapo, ya chokaa au ya saruji, itaoza kuanzia chini. Weka gata kwanza.

Kisha tazama ardhi. Barabara nyingi za miji ya zamani zimeinuliwa kila zilipotengenezwa, na sakafu ya nje ikazidi kimo cha ile ya ndani. Maji ya mvua yanaegemea ukuta. Hapo dawa ni mfereji mdogo wenye kokoto, siyo plasta.

Baraza nayo ichunguzwe. Mbali na kazi yake ya kukalia, kuongelea na kuchezea bao, baraza ya mawe na chokaa inakinga sehemu ya chini ya ukuta isirukiwe na matone ya mvua, na inayaacha maji ya ardhini yakaukie hapo nje. Ukiivika saruji na vigae, maji hayo yanageukia ndani ya nyumba. Tunasikitika kusema kwamba baraza zilizovikwa vigae ndizo zinazoonekana nadhifu zaidi mtaani.

Sasa plasta ya zamani. Ya saruji iliyokwisha kuachia, itoe kwa nyundo na tindo, tindo ikiwa imelala, usiichome moja kwa moja kuelekea kwenye jiwe. Pale iliposhika kwa nguvu kiasi cha kutoka na jiwe, iache. Hasara ya kuing'oa ni kubwa kuliko ya kuivumilia. Mashine ya kutoboa kwa kishindo isikaribie ukuta huu.

Ukuta ukishabaki wazi, uache ukauke wiki kadhaa, na ukiweza msimu mzima wa kiangazi. Chumvi itatokeza kama unga. Ifagie kavu kwa brashi, izoe, itupe mbali. Usiioshe. Maji yanairudisha ndani ilikotoka, na hili mafundi wazuri kabisa hulisahau.

Maungio ya mawe yaliyolika yakwanguliwe hadi kina cha sentimita 3 hivi, yapulizwe vumbi, yaloweshwe, kisha yajazwe. Shimo kubwa halijazwi kwa chokaa tupu. Litomee: tia vipande vya mawe vilivyoloweshwa, chokaa iwe ya kuvishikanisha tu. Chokaa nene husinyaa na kupasuka, jiwe halisinyai.

Kupiga

Majira bora ni baada ya masika, kusi likivuma, Juni hadi Agosti. Jua la kaskazi linaikausha plasta kabla haijashika, ikabaki unga unaotoka ukipitisha mkono. Wengi hapo husema "chokaa mbovu". Chokaa ilikuwa nzima, ilinyimwa maji.

Lowesha ukuta jana yake, na tena asubuhi, mpaka uache kunywa lakini usiwe unang'aa maji. Changanya mchanga na uji bila kuongeza maji, upige na kuukanda dakika 15 hadi 20. Mwanzoni utaonekana mkavu na fundi ataomba ndoo ya maji. Mkatalie. Ukizidi kukandwa unalainika wenyewe.

Tabaka la kwanza lisizidi milimita 10, lirushwe au lisukumwe kwa nguvu ili liingie kwenye vitundu, kisha likwaruzwe mistari ya mshazari. Subiri wiki moja hadi siku 10. Lipo tayari ukucha ukiweza kuchora alama lakini kidole gumba kisibonyee. Lowesha, piga la pili la milimita 8 hadi 10. Subiri tena. La mwisho, la niru, ni la milimita 2 au 3, kwa mchanga laini uliochekechwa, sehemu 1 ya chokaa kwa 1 na nusu. Tabaka la pili likianza kutoa nyufa ndogo ndogo siku ya kwanza, zifunge kwa kulisugua tena na kibao cha mbao likiwa bado bichi. Ukingoja kesho umechelewa.

Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta bila kuyagusisha, na nyunyiza maji kwa ukungu mara 2 au 3 kwa siku kwa wiki nzima. Hewa inayoigeuza chokaa kuwa jiwe inaingia tu kukiwa na unyevu kidogo, na inaingia polepole, milimita moja hivi kwa mwezi. Plasta ya milimita 20 inaendelea kukomaa zaidi ya mwaka mzima baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Asiyeweza kulivumilia hilo asinunue bidhaa hii.

Wakati huo huo fundi atakuja na lake: "Bosi, tuweke saruji kidogo, ipate nguvu." Ni kauli ya nia njema na ina mantiki kwenye tofali. Kwenye mawe haya, saruji kidogo inashika haraka na kuizuia chokaa isikamilishe kazi yake, huku ikileta chumvi zake. Unapata plasta isiyo na nguvu ya saruji wala ulaini wa chokaa. Ukitaka ishike mapema, kwa mfano sehemu inayopigwa na mvua au ya chini ya ukuta, tumia unga wa tofali za udongo zilizochomwa kwa moto wa wastani, uliosagwa na kuchekechwa ukawa laini kama unga wa sembe: sehemu 1 ya unga huo, 1 ya chokaa, 2 za mchanga. Unashika hata kwenye unyevu na bado unaachia maji yapite. Utakuwa na wekundu, ambao chokaa ya kupaka itauficha.

Kupaka

Usimalize kazi yote hiyo ukaja kupaka rangi ya plastiki au ya mafuta. Utakuwa umeufunga ukuta upya. Paka chokaa: uji sehemu 1 kwa maji sehemu 3 hadi 4, uchujwe kwa kitambaa, uwe mwepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka kwa brashi pana ya katani, mkono mmoja kwa siku, mikono minne. Ikiwa mbichi haionekani, ukuta unabaki vile vile, na hapo watu huongeza chokaa ili waione. Ikikauka inakuwa nene, inavimba na kubanduka magamba. Chumvi ambayo wengine huongeza ndooni haina kazi hapa, ukuta wa pwani unayo ya kutosha.

Ilikuwa kawaida nyumba kupakwa kila mwaka, wengi kabla ya Idi, na mkono huo mmoja ulitosha kuziba nyufa ndogo kabla hazijawa kubwa. Saruji iliuzwa kwa ahadi ya kupiga mara moja ukasahau. Nyumba ziliposahauliwa, mafundi wa chokaa nao wakakosa kazi na kuacha kufundisha. Huo ndio udhaifu mkubwa wa bidhaa hii, na ndiyo alama moja tuliyoikata: mfuko unapatikana, mkono wa kuutumia unatafutwa kwa taa. Kabla hujakubaliana bei, mwambie fundi akupigie mita moja ya mraba mahali pa nyuma, uiangalie baada ya wiki mbili.

Na ile ya tanurini?

Chokaa ya mabonge ikizimwa vizuri na kulazwa chini ya maji miezi 3 ni bora kuliko ya mfuko, hilo halina ubishi. Inanata zaidi na inabana zaidi. Lakini tanuri la wazi la kuni halichomi sawasawa. Katikati kuna mawe yaliyoiva kupita kiasi, pembeni mabichi. Vipande vilivyoiva sana huzimika polepole, wakati mwingine baada ya kupigwa ukutani, na plasta inatoboka vishimo vyenye kiini cheupe ndani. Dawa ni kuchekecha kwa wavu wa milimita 3 na kutoiharakisha. Kuizima kwenyewe ni hatari: maji huchemka na kuruka, ndoo ya plastiki huyeyuka, na mabonge yakinyeshewa yakiwa kwenye gari la mizigo yanaweza kuwasha moto. Tumia pipa la chuma, bonge dogo dogo ndani ya maji mengi, watoto wakae mbali.

Uliza pia jiwe limetoka wapi. Kama ni matumbawe yaliyotolewa baharini, achana nalo. Ni marufuku kuyavuna, na mwamba ulio hai ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Jiwe la machimbo ya nchi kavu linatoa chokaa ile ile. Tunaipa 3 kati ya 5, na 5 kamili kwa muuzaji mwenye uji uliokwisha kulala mapipani, ukimpata.

Saruji ina mahali pake

Nyumba yako ikiwa ya tofali za saruji za inchi 6, funga tathmini hii ukanunue saruji, na ukipenda plasta isiyopasuka changanya saruji 1, chokaa ya mfuko 1, mchanga 6. Tenki la maji, bafu, msingi mpya na linta ni kazi za saruji na nondo. Kosa ni kuihamishia sifa hiyo kwenye ukuta wa matumbawe.

Jambo la sheria lisipuuzwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, pamoja na milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo hata nyumba ambayo haina umri huo, mlango wake huenda unao. Pita ofisi ya Mambo ya Kale kabla ya kugusa chochote Mji Mkongwe, na fundi anapopiga plasta mlango ufunikwe kwa nailoni: chokaa mbichi inaacha madoa kwenye mbao ngumu ambayo hayatoki kwa kusugua.

Kuhusu gharama, mfuko wa chokaa kwa kawaida ni nafuu kuliko wa saruji, ila una nusu ya uzito au chini ya hapo, na siku za fundi ni nyingi zaidi. Patana kwa mita ya mraba, siyo kwa siku, na malipo ya mwisho yasubiri wiki ya kunyunyizia maji iishe. Uji ukibaki, usiumwage. Ufunike kwa maji ndani ya pipa lenye kifuniko na uongeze maji yanapopungua, utautumia masika yakiisha mwaka ujao, ukiwa umezidi ubora.